Ushuru Umeondolewa, Mgawo Umebaki: Pamba ya China na Mbaazi za Kusini

Katibu wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Nachingwea ameniandikia swali ambalo nimeona linastahili jibu refu. Anasema wanachama wake wamesikia kwamba China imefuta ushuru kwa bidhaa zote zinazotoka Tanzania, lakini ndugu yake anayelima pamba Meatu, mkoani Simiyu, amemwambia kuwa pamba bado ina mgawo. Anauliza mambo matatu. Kwanza, mgawo huo ni kitu gani ikiwa ushuru umeshaondolewa? Pili, je, uamuzi wa serikali ya mbali juu ya kiasi cha pamba inachoagiza unaweza kweli kufika kwenye bei ya mkulima wa Tanzania? Tatu, sisi wa Mtwara na Lindi, ambao hatulimi pamba lakini tuliumizwa na mgawo wa mbaazi uliowekwa na India mwaka 2017, je, tuiombe serikali yetu itutafutie fungu maalumu la kuuza India kama lile ambalo Msumbiji ililipata?

Ndugu Katibu, majibu mafupi ni haya. Mgawo, yaani kiasi maalumu kinachoruhusiwa kuingia kwa ushuru mdogo, haujaondolewa, kilichoondolewa ni ushuru wa asilimia 1 uliokuwa ukitozwa ndani ya mgawo, nao ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Uamuzi wa China unafika kwenye bei ya mkulima wa Meatu, tena unafika hata pale ambapo pamba yake imepakiwa kwenye meli inayokwenda Bangladesh. Na kuhusu fungu maalumu la mbaazi, naunga mkono liombwe, ila kwa masharti nitakayoyaeleza, kwa sababu fungu la nchi si lazima liwe fungu la mkulima.

Tuanze na utaratibu wenyewe. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba 2001, ilikubali kufungua soko lake la pamba kwa kiasi kilichopimwa. Mwaka 2002 kiasi hicho kilikuwa tani 818,500, na tangu mwaka 2004 kimebaki tani 894,000 kwa mwaka. Pamba nyuzi, yaani iliyokwisha kutenganishwa na mbegu, inayoingia ndani ya kiasi hicho kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 1, na inayozidi hutozwa asilimia 40. Viwanda vya China hutumia takribani tani milioni 8 kwa mwaka, na wakulima wake, ambao wengi wako jimbo la Xinjiang, kwa miaka mingi wamevuna takribani milioni 6 au zaidi, kwa hiyo mara nyingi pengo linalobaki ni kubwa kuliko mgawo. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 serikali yao imekuwa ikitoa vibali vya nyongeza kila inapoona viwanda vinahitaji, na ushuru wa vibali hivyo huongezeka bei ya dunia inaposhuka na kupungua bei inapopanda, ili pamba ya nje isiwe rahisi kupita ya ndani. Mwaka 2023 nyongeza hiyo ilikuwa tani 750,000. Mwaka 2024 ikawa tani 200,000 tu. Tani 894,000 ni ahadi ambayo China inaweza kudaiwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Nyongeza si ahadi kwa mtu yeyote: hutolewa kwa tangazo, na isipotolewa hakuna pa kwenda kulalamika.

Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi ni kwamba vibali hivyo havipewi nchi inayouza. Vinapewa waagizaji walioko China. Theluthi moja ya mgawo, yaani asilimia 33, hupitia mashirika ya biashara ya serikali yao, na sehemu iliyobaki hugawiwa viwanda vya kusokota nyuzi kwa kutazama ukubwa wa kiwanda na rekodi yake ya kuagiza. Maombi huwasilishwa mwezi Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata, na kibali ambacho mwenyewe ameona hatakitumia hurudishwa mwezi Septemba kikagawiwe upya. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mwanza au wa Dar es Salaam anayetaka kuuza pamba China hatafuti mnunuzi tu, anatafuta mnunuzi mwenye kibali mkononi.

Sasa tazama thamani ya kibali hicho. Nitatumia namba za mfano, si bei za leo. Tuseme kilo moja ya pamba nyuzi ikifika bandari ya China inagharimu shilingi 4,000 kabla ya ushuru, na ndani ya nchi hiyo kilo kama hiyo inauzwa shilingi 5,000 kwa sababu serikali inawalinda wakulima wake. Mwenye kibali akilipa ushuru wa asilimia 1, yaani shilingi 40, pamba inamgharimu shilingi 4,040. Anabakiwa na shilingi 960 kwa kila kilo bila kuongeza ujuzi wala jasho lolote, kwa sababu tu jina lake limo kwenye orodha. Asiye na kibali atalipa asilimia 40, yaani shilingi 1,600, na pamba hiyohiyo itamgharimu shilingi 5,600. Huyo hataagiza, atanunua ya Xinjiang kwa 5,000. Asilimia 40 iliwekwa ili pamba ya nje isipite kabisa, na mapato yanayotarajiwa humo ni kidogo.

Hapo ndipo tunaweza kuupima msamaha uliotangazwa. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa zote zinazotoka nchi zenye maendeleo duni kabisa ambazo zina uhusiano wa kibalozi nayo, na Tanzania imo. Lakini kwa bidhaa zenye mgawo, pamba ikiwemo, tangazo hilo linasema wazi kwamba ushuru unakuwa sifuri ndani ya mgawo peke yake, na kiwango cha nje ya mgawo kinabaki kama kilivyokuwa. Kwa mfano wetu, shilingi 40 zimefutwa na shilingi 1,600 zimebaki. Na hizo 40 zilizofutwa zinakwenda kwa nani? Mgawo unapokuwa umejaa, na wenye vibali ni wachache kuliko wenye pamba, bei ya ndani ya China haibadiliki, hivyo nafuu yote inaweza kuishia kwa mwenye kibali, ambaye faida yake inatoka 960 na kuwa 1,000. Muuzaji wetu anaweza kujadiliana apate sehemu yake, kwa hoja kwamba mwenye kibali akinunua pamba ya Brazil bado atalipa ile asilimia 1. Ni hoja ya haki, na wauzaji wetu waitumie. Hata hivyo asilimia 1 ni nafuu ndogo kuliko punguzo ambalo mnunuzi hudai anapokuta mchanga au nyuzi za gunia ndani ya robota. Mkulima wa Meatu atapata zaidi kwa kuchuma pamba safi na kuitenga kwa daraja kuliko kwa tangazo lile, na nasema hivyo nikijua kuwa tangazo lilipokelewa kwa furaha kubwa.

Swali la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mgawo wa China unamhusu tu yule anayeuza China. Pamba ni bidhaa ya soko moja la dunia. Tani ambayo China imekataa haipotei. Inatafuta mlango mwingine, na katika kutafuta mlango inashusha bei kwa wote.

Historia ya miaka ya 2011 hadi 2016 inaonyesha hili kwa uwazi wa kusikitisha. Mwezi Machi 2011 bei ya pamba katika soko la dunia ilipita dola 2 kwa ratili (chini kidogo ya nusu kilo), kiwango ambacho hakijapata kuonekana tena. Mwaka huohuo serikali ya China ilianza kununua pamba ya wakulima wake kwa bei iliyotangazwa mapema: yuan 19,800 kwa tani, kisha yuan 20,400 katika misimu miwili iliyofuata. Bei hiyo ilikuwa juu sana kuliko ya dunia ambayo wakati huo ilikuwa imeshaanza kuteremka. Pamba ya wakulima ikaingia kwenye maghala ya serikali, na viwanda, ili visifungwe, vikapewa vibali vingi vya kuagiza kutoka nje. Katika msimu wa 2011/12 China iliagiza zaidi ya tani milioni 5, kiasi kinachozidi mara tano ya ule mgawo wa tani 894,000. Dunia nzima ikalima kwa kuitazama China. Wakati huo akiba ya serikali yao ikawa inakua mwaka hadi mwaka, mpaka ikapita tani milioni 10, yaani zaidi ya mahitaji ya viwanda vyake vyote kwa mwaka mzima.

Ghala la namna hiyo haliwezi kujazwa milele. Mwaka 2014 serikali ya China iliacha kununua kwa utaratibu ule na badala yake ikaanza kuwalipa wakulima wa Xinjiang fidia ya tofauti kati ya bei ya soko na bei lengwa. Ili akiba ipungue, ilitangaza kwamba mwaka 2015 vibali vitakuwa vile tani 894,000 za ahadi, bila nyongeza. Katika msimu wa 2015/16 uagizaji ukashuka hadi chini kidogo ya tani milioni 1. Bei ya wastani katika soko la dunia, iliyokuwa takribani senti 91 za Marekani kwa ratili katika msimu wa 2013/14, ikawa takribani senti 71 msimu uliofuata. Zipo sababu nyingine zilizochangia, kwa kuwa bei haiwi na mzazi mmoja, lakini hakuna aliyefuatilia soko hilo ambaye anaweza kuuweka uamuzi wa China pembeni.

Mkulima wa Meatu alisikiaje habari hizo? Hakuzisikia. Alisikia bei elekezi ikitangazwa mwanzoni mwa msimu wa ununuzi, akaiona imeshuka, akamlaumu mnunuzi, mnunuzi akamlaumu mwenye kiwanda cha kuchambua, na mwenye kiwanda akaonyesha kwenye simu yake bei ya Liverpool, ile inayotumika kama kipimo cha soko la dunia. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, na bei ya pamba mbegu, ile anayoiuza mkulima kabla haijachambuliwa, hapa ndani hukokotolewa kwa kurudi nyuma kutoka bei hiyo ya nje: unatoa usafiri, uchambuaji, riba, ushuru na faida ya mnunuzi, kinachobaki ndicho cha mkulima. Yeye ni wa mwisho katika hesabu, kwa hiyo kila senti inayopotea Qingdao, bandarini China, inamfikia yeye baada ya wengine wote kuchukua chao. Hili huniuma kila ninapolieleza, kwa sababu gharama za mkulima huyo, kuanzia viuatilifu mpaka vibarua wa palizi, zimeshalipwa kabla bei haijajulikana.

Kuna upande mmoja wa kisa hicho unaotufundisha kuhusu udhaifu wa migawo. China iliweka mgawo kwenye pamba nyuzi ambayo haijasokotwa, lakini uzi wa pamba uliokwisha kusokotwa haukuwa na mgawo na ushuru wake ulikuwa mdogo. Pamba ya ndani ilipokuwa ghali, wenye viwanda wa China waliagiza uzi kutoka India, Pakistan na Vietnam, na katika miaka hiyo uzi ulioingia ulipita tani milioni 2 kwa mwaka. Baadhi yao walihamisha kabisa mashine zao kwenda Vietnam, nchi ambayo haiwekei pamba mgawo wala ushuru, wakanunua pamba ya dunia kwa bei ya dunia, wakasokota huko na kupeleka uzi nyumbani kwao. Mgawo uliokusudiwa kumlinda mkulima wa Xinjiang ukawa umejenga viwanda Vietnam. Nadhani hapo ndipo palikuwa na nafasi kubwa kwa nchi zinazolima pamba kama yetu, kwa kuwa uzi ulioweza kusokotwa Vietnam kwa pamba ya kuagiza ungeweza kusokotwa Shinyanga kwa pamba iliyopo, kama umeme, mikopo na reli vingekuwa vya kutegemewa. Nafasi hiyo haijafungwa. Utaratibu wa China bado ni uleule: mgawo uko kwenye pamba ghafi, na uzi hauna mgawo.

Sasa tuje kusini, kwenye mbaazi, maana najua hiki ndicho kidonda chenyewe.

Mwaka 2014 na 2015 mvua za India zilikuwa mbaya, jamii ya kunde zikawa adimu, na bei ya mbaazi ikapanda kuliko ilivyozoeleka. Wakulima wetu wa Nachingwea, Masasi, Liwale, Ruangwa na Nanyumbu waliongeza mashamba, na hawakukosea kwa kuwa ndivyo soko lilivyowaambia. Lakini wakulima wa India nao waliambiwa hivyohivyo, na mvua iliporudi, mavuno yao ya mbaazi ya msimu wa 2016/17 yakakaribia kuwa mara mbili ya yale ya msimu uliotangulia. Serikali ya India ikajikuta na wakulima wake wanaouza chini ya bei iliyowaahidi. Tarehe 5 Agosti 2017 ikatangaza kikomo: mbaazi zote zitakazoingia India kutoka duniani kote zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Hapa kwetu mbaazi huvunwa kati ya Julai na Septemba. Tangazo lilitukuta gunia likiwa mlangoni. Na kwa kuwa mbaazi zetu zilikuwa zikiuzwa India karibu zote, wala sisi wenyewe hatuna desturi ya kuzila kwa wingi unaoweza kulingana na tunachozalisha, hapakuwa na mlango wa pili. Ninyi mnakumbuka kilichofuata kuliko mimi ninavyoweza kukiandika.

Linganisha na pamba uone tofauti. China ikipunguza vibali, pamba yetu bado ina Bangladesh, Vietnam, Indonesia na Pakistan. Bei inashuka lakini mnunuzi yupo. India ikifunga mbaazi, bei haishuki tu, mnunuzi mwenyewe anatoweka. Kwa hiyo ukubwa wa jeraha hautegemei ukali wa mgawo peke yake. Unategemea pia idadi ya masoko mengine uliyonayo siku tangazo linapotoka.

Msumbiji iliponaje? Mwezi Julai 2016, Waziri Mkuu wa India alipozuru Maputo, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya India kununua mbaazi na kunde nyingine za Msumbiji kwa kiasi kinachoongezeka: tani 100,000 katika mwaka wa kwanza, hadi kufikia tani 200,000 katika mwaka wa fedha wa 2020/21. Kikomo cha 2017 kilipotangazwa, mbaazi zilizo chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali hazikuhesabiwa humo. Baadaye, mwaka 2021, Malawi nayo ikapata fungu la tani 50,000 kwa mwaka na Myanmar tani 100,000. Ziara ileile ya Julai 2016 ilimleta kiongozi huyo Dar es Salaam siku chache baadaye, lakini makubaliano ya namna hiyo hatukuyapata. Tangu Mei 2021 India imeruhusu mbaazi kuingia bila kikomo, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda kwa tangazo baada ya tangazo. Wanachama wako wasidhani kwamba mlango uliofunguliwa kwa tangazo hauwezi kufungwa kwa tangazo.

Kwa hiyo, je, tuombe fungu? Ndiyo. Lakini kabla hatujaomba, inafaa tujue jinsi mafungu ya nchi yalivyowahi kugawiwa katika pamba yenyewe. Mwezi Septemba 1939 Rais Roosevelt wa Marekani aliweka mgawo wa kuagiza pamba ya nyuzi fupi. Jumla yake kwa mwaka ilikuwa ratili 14,516,882, ambazo ni takribani tani 6,600, kiasi kidogo mno kwa nchi kubwa vile, na kila eneo lilipewa fungu lake kwa kutazama lilikuwa limeuza kiasi gani huko nyuma. Mexico ilipata ratili 8,883,259, zaidi ya nusu ya jumla. Afrika Mashariki ya Kiingereza ilipata ratili 2,240. Hizo ni kilo 1,016. Ni kama marobota matano tu. Migawo hiyo ya pamba ilidumu hadi mwaka 1995, Mkataba wa Uruguay, uliozaa Shirika la Biashara Duniani, ulipoanza kutekelezwa na kuibadilisha kuwa ya ushuru wa ngazi mbili, na katika miaka hiyo yote makoloni yalipata uhuru na wakulima wa Usukuma walijenga ushirika mkubwa na kuongeza uzalishaji wao maradufu kwa maradufu. Fungu linalotokana na mauzo ya zamani humtunza aliyekwisha kuwahi, na aliyechelewa hubaki na ratili zake 2,240 hata akilima nchi nzima.

Kutokana na hayo, sharti la kwanza ninaloliona ni kwamba fungu letu liwe kiwango cha chini ambacho India inajifunga kukipokea, lisiwe kiwango cha juu ambacho hatuwezi kukipita. Wakati milango iko wazi kama sasa, fungu lililoandikwa vibaya linaweza kugeuka kuwa kikomo, na tukawa tumejifunga kwa mikono yetu.

Sharti la pili linahusu ile faida ya kibali niliyoionyesha katika mfano wa pamba. Nchini India vibali vya mbaazi vilikuwa vikigawiwa wenye viwanda vya kukoboa, kama vile vya pamba vinavyogawiwa wasokotaji wa China. Tukipata fungu la nchi, kutahitajika hati upande wetu pia, ya kuonyesha kwamba mzigo huu ni sehemu ya fungu la Tanzania, na atakayeshika hati hizo atashika faida. Zikigawiwa kampuni chache mezani, bei ya mnadani itabaki ya kawaida na tofauti yote itakwenda kwao. Sisi tayari tuna mahali pa kuifungia hati hiyo: mbaazi zetu zinapitia stakabadhi za ghala, zinauzwa kwa mnada wa wazi kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na kila mzigo una namba ya ghala na chama ulikotoka. Hati ya fungu iambatane na mzigo ulionunuliwa mnadani, asipewe mtu kabla hajanunua. Hapo wanunuzi watashindana kwa kuupandia bei mzigo, na ile tofauti itarudi kwa mwenye gunia. Hii ndiyo njia pekee ninayoiamini ya kulifanya fungu la nchi liwe la mkulima. Pia inamnyima nafasi mnunuzi wa kangomba, kwa kuwa mbaazi aliyoinunua vichochoroni haitakuwa na hati.

Mwisho wa barua yako umegusa kwa kifupi kama nasi tuweke migawo kwenye nguo na nyuzi zinazoingia. Mimi napendelea ushuru kuliko mgawo, na sababu ni ileile: fedha ya ushuru inaonekana Hazina, faida ya kibali haionekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshaweka khanga, vikoi na vitenge katika orodha ya bidhaa nyeti kwa ushuru wa asilimia 50. Kama ulinzi huo hautoshi, tatizo liko kwenye mizigo inayopita bila kutangazwa thamani yake halisi, na mgawo hautaitibu hali hiyo.

Umeuliza pia, kana kwamba kwa kupita, kama Nachingwea inaweza kulima pamba. Wajerumani walilazimisha pamba katika pwani hii, na watu wa Matumbi wakaing'oa mwezi Julai 1905, ndipo Vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa hiyo zao hili si geni kusini, wala kumbukumbu yake si nzuri. Lakini kizuizi cha kitaalamu ni kingine: mikoa ya kusini iliwekwa chini ya karantini ya pamba ili funza mwekundu anayepatikana katika nchi jirani za kusini asivuke kwenda mashamba ya Kanda ya Ziwa. Mtu asipande hata robo eka kabla ya kupata maelezo ya maandishi kutoka Bodi ya Pamba. Kwa maoni yangu nguvu zenu zibaki kwenye korosho, ufuta na mbaazi.

Sharti la tatu nimeliacha hapa kwa makusudi, kwa sababu ndilo ambalo chama chako kinaweza kulianzisha. Mwaka wa fedha wa India huanza tarehe 1 Aprili, na matangazo ya mbaazi huandikwa kwa kufuata mwaka huo. Sisi tunapanda kati ya Novemba na Januari. Ina maana mkulima wa Nachingwea anaweka mbegu ardhini bila kujua kama mlango utakuwa wazi atakapovuna, na India inaamua wakati mbaazi za mkulima huyo ziko magotini. Makubaliano yoyote yatakayojadiliwa yatamke kiasi cha miaka miwili mbele, na yatamke kuwa mzigo ulioingia ghalani kabla ya tangazo jipya unahesabiwa chini ya masharti ya zamani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kingewaokoa watu Agosti 2017. Kiandikeni katika muhtasari wa mkutano wenu mkuu, kipelekeni RUNALI, chama kikuu chenu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, nayo ikifikishe kwa maandishi Wizara ya Kilimo na kwa wanaosimamia biashara ya nje, kabla ya Novemba.